Fundi Robo na Kompyuta ya Maji

Mtaani kwetu shemeji yangu anaitwa Fundi Robo, na nadhani hata yeye angechelewa kugeuka akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Jina hilo limetokana na kazi. Akikaza nati ya bomba kwa mkono mpaka igome, huchukua spana akaongeza robo ya mzunguko. Si nusu, wala si zaidi. Husema mkono ni wa kufungia tu, robo ndiyo inayomlaza mwenye nyumba usingizi. Kwa miaka thelathini na miwili amepita kwenye majiko na mabafu ya watu akiongeza robo yake, na sijasikia aliyemwita arudi kwa ajili ya tone.

Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania, naye ana ruhusa ya kuniita mchuuzi wa mabati. Mimi nauza kompyuta zilizotumika. Duka langu liko ghorofa ya chini ya jengo la maduka, kati ya mshona suti na mchonga funguo, na ukiingia lazima upite kiubavu kwa sababu ya maboksi. Kazi yangu naijua. Nalisema hilo mapema kwa kuwa katika habari hii nitaonekana mjinga mara mbili tatu, na sitaki mtu adhani hiyo ndiyo hali yangu ya kila siku.

Balaa lilianza na mashine niliyomuuzia mpwa wangu, binti yao wa pekee. Binti huyu ana sauti. Si ya kuimba, ni ya kusoma. Akikusomea hata karatasi ya maelekezo ya dawa ya mbu, utaacha kula umsikilize. Shule moja ya wanafunzi wasioona ilikuwa inatafuta mtu wa kuvisoma vitabu vyao vya kiada na kuvirekodi, madarasa yote, kazi ya miaka mitatu. Akaacha kazi yake ya kupokea simu kwenye kampuni ya vifurushi, akageuza stoo ya nyumbani kuwa chumba cha kurekodia: magodoro ukutani, blanketi zito mlangoni, zulia juu ya zulia. Nami nikamuuzia kompyuta kubwa iliyotoka kwenye ofisi ya wachora ramani za majengo. Nilimwapia kwamba haina kelele. Na kweli haikuwa na kelele, pale dukani, mlango ukiwa wazi na mshona suti akiendesha cherehani.

Ndani ya chumba kile kilichozibwa kila tundu, mashine ilipata joto kwa dakika kumi tu, na feni zake zikaanza kunguruma. Mwalimu anayesimamia rekodi pale shuleni, ambaye mwenyewe haoni tangu utotoni, alirudisha kazi ya kwanza na ujumbe wa sauti: "Binti, unasoma vizuri sana, wewe na jokofu lako." Ya pili pia akairudisha. Mpwa wangu alikuwa amejaribu kuisafisha kwa programu, na programu ikafuta ngurumo pamoja na nusu ya kila s na kila f. Mwalimu akasema wanafunzi wake hawawezi kukaa wakikisia kilichokatwa. Alhamisi saa nne asubuhi angekuja mwenyewe, akae chumbani, avae hedifoni, amsikilize binti akisoma kurasa kumi na mbili mfululizo. Ngurumo ikiwepo, kazi ingekwenda kwa msomaji mwingine, na huyo alikuwa ameshapatikana.

Tulijaribu kuihamishia mashine kwenye ukumbi mwembamba ulio nje ya chumba. Waya mrefu wa maikrofoni ukaleta mvumo wake mwenyewe, mbaya kuliko wa feni. Tukairudisha. Jumatano ya wiki iliyotangulia mpwa wangu alikuja dukani na baba yake, akasimama mbele ya kaunta, hakunilaumu hata kwa neno moja. Heri angenilaumu.

"Kelele ni za feni," nikasema, "na feni zinafukuza joto. Tukilitoa joto kwa maji badala ya upepo, feni tunaweza kuziweka nje ya ukuta."

Fundi Robo alikuwa amekalia boksi la printa. Alininyooshea kidole kama hakimu.

"Maji? Ndani ya kompyuta?"

"Maji ndani ya mpira, shemeji. Mpira ndani ya kompyuta."

"Mimi maisha yangu yote nalipwa kuyazuia maji yasifike kwenye umeme. Leo unaniita niyapeleke kwa mkono wangu?"

"Baba," binti akasema, "nimebakiwa na siku nane."

Akainuka kwenye boksi. Kisha akasema, "Nionyeshe hivyo vitu."

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni haya. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo bongo la mashine na ndiyo inayochemka, unafunga kibamba cha shaba chenye vijifereji ndani yake. Maji hupita humo, hubeba joto, hutoka kwa mpira hadi kwenye rejeta yenye feni, hupoa, huingia kwenye tangi dogo, na pampu huyarudisha. Ni kama kwenye gari. Niliyaeleza haya kwa kujiamini sana. Sikusema kwamba sijawahi kufunga mfumo huo hata mara moja, na kwamba elimu yangu yote ilitoka kwenye video za vijana wenye kompyuta zinazowaka taa za rangi.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na kaunta yangu ni nyembamba. Kwa siku tatu tuligombana juu ya kila kipande.

Tulianza na rejeta. Nilikuwa nayo moja nyepesi, inang'aa, na bei yake ilinipendeza. Fundi Robo akaigeuza, akatoa tupa mfukoni, akaikwaruza pembeni kabla sijamzuia.

"Hii alumini," akasema.

"Alumini inapoza vizuri tu."

"Na kile kibamba?"

"Shaba."

Akairudisha kwenye kaunta taratibu. "Shaba na alumini kwenye maji mamoja ni paka na panya. Mmoja atamla mwenzake. Miezi michache utaona ute mweupe kwenye maji, halafu tundu."

"Kuna dawa ya kuongeza. Muuzaji kasema."

"Siku ya tundu, muuzaji atakuwepo?"

Tulikwenda kwa mtu wa vipuri vya magari chakavu, Fundi akachagua rejeta ndogo ya hita, ya shaba tupu, akaiziba upande mmoja, akapuliza upande wa pili ikiwa ndani ya ndoo. Hakikutoka kipovu. Yule mtu wa vipuri akamsifia, akasema siku hizi hakuna mafundi wanaopima hivyo. Nilikuwa nimeshindwa na niliudhika kweli.

Mipira nilitaka ile inayoonyesha ndani, yeye akataka myeusi, kwa sababu maji yakiona mwanga huota ukijani. Akashinda. Maji nilitaka ya rangi ya buluu, yeye akataka yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri za gari. Akashinda tena. Viungio vya shaba vya kuunganishia mipira alivijaribu kwenye vipande vyake vya bomba alivyokuja navyo kwenye mfuko, vikaingia kama vimezaliwa pamoja, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Nyuzi zile zile za skrubu," akasema. "Hivi vitu vyenu vya kisasa mmeviiba kwenye sanduku langu."

Kwenye tangi nikakaza shingo. Mimi nilitaka la plastiki ngumu, linaloonyesha ndani kama kioo, ili tuone maji yamefika wapi. Yeye alitaka kulitengeneza mwenyewe kwa bomba la shaba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshalinunua, na zaidi ya hapo, mwanamume lazima ashinde kitu kimoja. Akanitazama, akatazama tangi, akasema, "Haya. Moja lako." Ndani ya boksi lake mlikuwa na karatasi ya maelekezo, nami nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno: viungio vikazwe kwa vidole tu, pete ya mpira ndiyo inayozuia maji, spana ni marufuku.

"Nimesikia," akasema.

Jumanne asubuhi tukafunga. Alitoboa ukuta chini karibu na sakafu, tukapitisha mipira miwili, tukaziba pembeni kwa matambara. Nje, kwenye ukumbi, tuliweka meza, na juu yake rejeta, feni, tangi, na pampu iliyokalia sponji ili isitetemeshe mbao. Mimi niliingia chumbani kufunga kibamba juu ya prosesa. Yeye nikamwachia tangi. Nilipochungulia nilimkuta anazungusha ile tepi nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi, nikamwambia atoe, akaitoa bila ubishi. Ningepaswa kujiuliza kwa nini hakubisha. Sikujiuliza. Nikarudi ndani.

Tukajaza maji. Kompyuta yenyewe tuliichomoa kabisa kwenye umeme, tukaiwasha pampu peke yake, tukatandika karatasi za chooni chini ya kila kiungio, kwa sababu karatasi husema kabla ya jicho. Saa nne zikapita, karatasi ni kavu. Saa tisa alasiri mpwa wangu akaniita. Hakupaza sauti.

Karatasi ya chini ya tangi ilikuwa imelowa. Niliinua tangi kwenye mwanga, nikauona ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la kiungio na kushuka nusu ya plastiki. Ufa wa namna hiyo hauletwi na vidole vya mtu.

"Umetia spana," nikasema.

Akainama, akaizima pampu.

"Shemeji, nimekusomea! Umetia spana au hukutia?"

"Robo tu," akasema.

Hapo niliwaka. Nilimwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwamba tangu asifiwe kwa ile rejeta amejiona mhandisi. Nilisema mengi, mengine mbele ya binti yake, na bado nayaonea haya. Alisimama akiutazama ufa, mikono mfukoni. Mpwa wangu ndiye aliyenikatiza.

"Baba, Mjomba alikusomea. Kwa nini?"

"Mazoea," akamjibu.

Binti akaitikia kwa kichwa. Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kukausha meza. Muuza matangi alikuwa mji mwingine, mzigo ungechukua siku kumi. Sisi tulikuwa na moja na nusu.

Dada yangu akatoka jikoni, akatutazama wote watatu. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Semeni mtafanya nini."

Fundi Robo akatoka bila kuaga. Alirudi na kipande cha bomba la shaba lenye unene wa kifundo cha mkono, vifuniko viwili na mtungi mdogo wa gesi. Jumatano asubuhi akakaa uani, akatoboa matundu, akapiga msasa, akaanza kulehemu. Ni kazi nzuri kuitazama. Lehemu ilikimbia kuzunguka kifuniko ikaacha mstari mmoja safi, naye alikuwa ameshika bomba kwa mkono wa kushoto, analizungusha kidogo kidogo. Kisha nikasikia harufu. Nilidhani ni tambara. Ilikuwa ngozi yake. Aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa jirani, akalitua bomba chini, hakusema hata "ai".

"Mikono ya fundi," nikamtania, ili tupatane. "Hata moto unaiogopa."

Hakucheka. Nikajua bado amenuna.

Tulipokwenda kufunga tena, niliichukua spana yake nikaitia kwenye mkoba wangu nikafunga zipu. "Leo ni vidole tu," nikasema. "Mimi nafunga ndani, wewe funga vya tangi."

"Shemeji," akasema, "ingekuwa bora wewe..." Binti yake akatokea na chai. Akageuka akachukua kikombe. "Sawa," akasema. "Vidole tu."

Tukaacha pampu ikizunguka tangu adhuhuri hiyo hadi asubuhi ya Alhamisi. Karatasi zote zilibaki kavu. Saa nne kasoro robo nikachomeka umeme, nikaiwasha kompyuta, na sote wanne tukasimama ndani ya kile chumba tukisikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilisikia tumbo langu mwenyewe. Dada akaweka mkono mdomoni, na mpwa wangu akakaa kitini taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Mimi sikufurahi kama wao. Jambo moja lilikuwa linanikaba, nami nilimnong'oneza Fundi tulipotoka nje: tumejaribu kwa maji baridi. Sasa maji yatapata moto, mipira italegea, na kiungio kilichonyamaza kwenye baridi kinaweza kusema kwenye joto. Maji yakipungua, pampu itavuta hewa, itabwabwaja, na mpira utaubeba mbwabwajo huo moja kwa moja hadi kwenye maikrofoni. Na hatungeweza kumsimamisha Mwalimu katikati tumwambie subiri kidogo, tunaziba. Fundi alisikiliza. Paji la uso lilikuwa limeanza kumtoka jasho.

Mwalimu alifika saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa mtu mfupi, shati lake limepigwa pasi kali, fimbo nyeupe mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa sauti zetu, akakataa chai, akasema, "Nitakunywa nikimaliza, kama nitakuwa na sababu ya kukaa." Akaingia. Blanketi likashushwa. Dada akaenda kukaa langoni kuwazuia wanaobisha hodi. Mimi na Fundi tukabaki ukumbini, viatu tumevua, kila mmoja kwenye kigoda chake, meza ya maji katikati yetu.

Sauti ya binti ilitufikia kwa mbali, imepungua lakini haikukatika. Alikuwa anasoma habari za udongo wa mfinyanzi na udongo wa kichanga. Nilikuwa na nakala ya kitabu mapajani, nikawa nafunua kurasa pamoja naye. Ukurasa wa tatu. Wa nne. Niligusa mpira wa kurudi, ulikuwa umeanza kuwa vuguvugu. Wa sita. Fundi hakuwa anatazama kitabu. Alikuwa anatazama kiungio cha chini cha tangi, kile kilichoelekea ukutani, kwenye kivuli, ambako karatasi yake ilikuwa imefichwa na pampu.

Ukurasa wa saba alipeleka kidole chini ya kiungio, akakirudisha, akakitazama kwenye mwanga, akakifuta kwenye suruali. Akapeleka tena. Akakitazama tena. Mara ya tatu akakigusisha kwenye midomo. Nilimkunjia uso kumwuliza kuna nini. Hakuweza kusema, neno moja tu lingepita kwenye blanketi. Kisha akanishika mkono, akaukunja akaacha kidole kimoja, akakipeleka chini ya kiungio.

Palikuwa na maji. Tone lilikuwa linajikusanya, la uvuguvugu, likaniangukia kwenye ukucha, na nyuma yake likaanza jingine.

Nikamtazama. Sikuelewa kwa nini alinihitaji mimi. Fundi wa miaka thelathini na miwili hahitaji mchuuzi wa mabati kumwambia palipo na maji. Ndipo akaunyanyua mkono wake mbele ya uso wangu, akashika ncha ya kidole kimoja kwa mkono wa pili, akaibana, akaibana mpaka ukucha ukawa mweupe, akatikisa kichwa. Akaenda kidole cha pili. Akabana, akatikisa kichwa. Cha tatu. Kisha akabadilisha mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka wakati ananihesabia, na vyote kumi vilikuwa vimekufa ganzi.

Nikayaona yote kwa mpigo mmoja. Spana alikuwa anaishika kwa sababu mpini wake mrefu ulimwonyesha machoni kile ambacho vidole havikumwambia tena. Uani pale hakuwa amenuna, hakuwa ameusikia moto. Na mimi nilimpokonya spana nikaifungia kwenye mkoba, nikamwambia vidole tu, mbele ya mtoto wake, naye akakaza kwa kukisia, kisha akakaa mchana mzima na usiku mzima akijua kwamba amekisia. Nilijiona mtu mbaya sana.

Lakini tone la tatu lilikuwa linakuja. Alinishika vidole viwili akaviweka kwenye pete ya kiungio, akachora hewani mzunguko mdogo. Robo. Nikazungusha. Jasho likaniteleza, pete ikabaki palepale. Nikakausha mkono kwenye shati, nikashika tena, nikazungusha, na nikahisi ile pete ya mpira ndani ikikaa, kitu kidogo sana, kama mlango unaofungwa nyumba ya tatu. Hakuwa anatazama kiungio. Alikuwa anatazama uso wangu, kwa sababu hapo ndipo pekee angeweza kujua. Nikaitikia kwa kichwa.

Akanionyesha: futa, ngoja. Nikafuta kwa karatasi. Tukangoja. Ndani, binti akafika kwenye maswali ya mwisho wa sura, akayasoma moja baada ya jingine bila haraka. Pampu ilikuwa bado inavuta vizuri, sikusikia kububujika. Nikapeleka kidole. Nikangoja ukurasa mzima, nikakipeleka tena. Nikakisugua na dole gumba mbele yake: kavu. Fundi Robo akaufunika uso kwa mikono yake miwili, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na mimi nikamshika mgongo nikawa namwomba Mungu amalize kimya.

Ukurasa wa kumi na mbili ukaisha. Tulisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya Mwalimu.

"Mashine yenyewe iko wapi?"

"Hapa, Mwalimu. Mkono wako wa kushoto."

"Inafanya kazi sasa hivi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siisikii." Tukasikia fimbo yake ikigonga kasha la mashine. "Jumatatu nitakuletea vitabu vya darasa la tano. Ila ukurasa wa tisa utaurudia, binti. Mlangoni kuna mtu alikuwa analia."

Blanketi likafunuliwa. Mpwa wangu alitokea akiwa na hedifoni shingoni, uso wake umejaa furaha, akatukuta sisi wazee wawili pekupeku kwenye vigoda.

"Nani alikuwa analia?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Sijawahi kumwongopea mtu haraka hivyo kwa ajili ya shemeji. "Nilikuwa naihofia heshima ya duka langu."

"Anadanganya," akasema Fundi Robo. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Njoo hapa, mama. Kuna jambo nimekuficha wewe na mama yako. Nishike vidole."

Binti akapiga magoti mbele yake. Baba yake akamnyooshea mikono yote miwili, lakini hakuweza kumtazama. Akageuza uso, akautazama ukuta pale mipira ilipoingilia. Akangoja. Mimi nilikuwa naona.

"Haya, shika," akasema, bado amegeukia ukutani. "Mbona hushiki?"

"Nimekushika, Baba," akasema binti. "Nimekubana kwa nguvu zangu zote."